Sarufi ya Ahadi: Maswali na Majibu kuhusu Viwanda katika Bunge la Dodoma

1.0 Utangulizi

Mawaziri walianza kuulizwa Bungeni habari za uwanda wa kati wa Tanzania kabla uwanda huo haujawa na Bunge lake. Mradi wa karanga wa Kongwa, ulioanza mwaka 1947 kwa shabaha ya kuipatia Uingereza mafuta ya kula, ulikuwa mradi wa Serikali ya Uingereza, na aliyewajibika kuujibia mjini London alikuwa John Strachey, Waziri wa Chakula. Wabunge wa huko walimwuliza juu ya matrekta, juu ya ekari zilizokwisha kusafishwa, na zaidi ya yote juu ya fedha. Mradi ulifutwa Januari 1951 baada ya kuteketeza zaidi ya pauni milioni 35. Wagogo, ambao ardhi yao hugeuka ngumu kama saruji mvua zinapokatika, hawakuwa na mwakilishi hata mmoja katika Bunge hilo.

Leo Kongwa ni jimbo la uchaguzi. Mbunge wake wa miaka mingi, Job Ndugai, alikuwa Spika tangu mwaka 2015 hadi 2022, na ukumbi wa Bunge ulioanza kutumika mwaka 2006 umo mjini Dodoma, katika mkoa huo huo. Jambo linaloulizwa halikubadilika sana. Mafuta ya kula yangali yakiulizwa, ila sasa ni ya alizeti ya Singida na Dodoma, na pamoja nayo huulizwa zabibu za Hombolo, nguo za Mwanza, matairi ya Arusha na zana za kilimo za Mbeya. Kilichobadilika ni lugha. Swali huulizwa kwa Kiswahili, na hujibiwa kwa Kiswahili, mbele ya watu wanaoelewa kila neno.

Je, kuelewa kila neno ni sawa na kuelewa kilichoahidiwa? Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba sivyo. Dai letu ni kuwa maswali na majibu kuhusu msaada wa Serikali kwa viwanda yamejijengea sarufi ambayo huliwezesha jibu kuwa kamili kwa mujibu wa taratibu za Bunge, na bado lisiwe na ahadi yoyote ndani yake. Tena tunadai kwamba sehemu ya chanzo cha hali hiyo imo katika swali lenyewe, wala si katika jibu peke yake. Mifano iliyopewa namba tumeitunga wenyewe kwa kufuata miundo inayojirudia katika Taarifa Rasmi za Majadiliano ya Bunge, yaani Hansadi. Tumefanya hivyo kwa makusudi, kwa kuwa tunachokichunguza ni rejesta, si Mbunge fulani wala Waziri fulani.

2.0 Saa ya maswali

Ibara ya 63(3)(a) ya Katiba ya Jamhuri ya Muungano inalipa Bunge madaraka ya kumwuliza Waziri yeyote swali lolote kuhusu mambo ya umma yaliyo katika wajibu wake. Katika utendaji, madaraka hayo hupita katika mlango mwembamba. Swali la msingi hupelekwa kwa maandishi kabla, hupewa namba, na aghalabu hujibiwa na Naibu Waziri, ambaye naye husoma jibu lililoandikwa. Mwulizaji huruhusiwa kuuliza maswali mawili ya nyongeza. Kanuni za Bunge zinataka swali liwe fupi, lisiwe hotuba, wala lisibebe hoja au maoni.

Sharti hilo la ufupi lina historia yake ya kiisimu, nayo inastahili kuangaliwa kuliko inavyoangaliwa. Katika Hansadi za miaka ya 1990, swali kuhusu kiwanda lilianza kwa vishazi vya sababu vilivyopangwa kimoja juu ya kingine: kwa kuwa kiwanda hiki kilijengwa kwa fedha za wananchi, na kwa kuwa kilikuwa kikinunua pamba yote ya wilaya, na kwa kuwa tangu kifungwe mashine zimeanza kuibwa: Je, Serikali inasemaje? Katika maswali ya msingi ya miaka ya karibuni, utangulizi huo aghalabu umekatwa, na kilichobaki ni mstari mmoja unaoanza na *Je, ni lini*. Kwa mtazamo wa muda wa Bunge, hayo ni maendeleo. Kwa mtazamo wa pragmatiki, ni hasara. Kila kishazi cha *kwa kuwa* kilikuwa dai la ukweli lililowekwa mezani. Waziri alilazimika ama kulikubali, ama kulikanusha, ama kulikwepa mbele ya watu. Kishazi kikiondolewa, hakuna cha kukwepwa.

Upo pia utaratibu wa adabu ambao hautajwi katika Kanuni yoyote lakini hufuatwa kuliko Kanuni nyingi. Mwulizaji akisimama kwa swali la nyongeza, huanza kwa kumshukuru Naibu Waziri *kwa majibu yake mazuri*. Sifa hiyo ni salamu tu, kama *shikamoo* isivyopima umri kwa miaka. Hata hivyo imeandikwa katika Hansadi, na msomaji wa miaka hamsini ijayo atakuta kwamba majibu yote yalikuwa mazuri.

3.0 Swali na kinachochukuliwa kuwa kimekubaliwa

Tuangalie sentensi nne:

(1) Je, ni lini Serikali itakifufua kiwanda cha nguo kilichopo katika wilaya hii?
(2) Je, Serikali haioni umuhimu wa kuwajengea wakulima wa zabibu kiwanda cha mvinyo?
(3) Je, Serikali ina mpango gani wa kuvisaidia viwanda vidogo vya kukamua alizeti?
(4) Je, kiwanda hiki kiliuzwa kwa bei gani, mnunuzi alitakiwa kufanya nini, na hadi sasa amefanya nini?

Sentensi ya (1) ndiyo kongwe na maarufu kuliko zote. Kisarufi ni sentensi iliyopasuliwa kwa *ni*: kiulizi *lini* kimetolewa mahali pake baada ya kitenzi na kuwekwa mbele ili kibebe mkazo. Kila kisichobeba mkazo huchukuliwa kuwa kimekwisha kubaliwa. Kwa hiyo, mwulizaji haulizi iwapo Serikali itakifufua kiwanda. Analichukulia hilo kuwa limekwisha amuliwa, na anataka tarehe tu. Wabunge wengi huona huo kuwa ujanja mzuri wa kumbana Waziri. Kwa maoni yetu ujanja huo humgeukia mwulizaji, kwa sababu sentensi *Serikali itakifufua kiwanda* imesemwa na Mbunge, Waziri hajaisema. Waziri anaweza kuzungumza juu ya wakati kwa aya tatu, akaketi, na asiwe ametamka popote kwamba kiwanda kitafufuliwa. Mwananchi anayesikiliza redioni Kibaigwa husikia swali na jibu kama mazungumzo mamoja, na huondoka na ahadi ambayo hakuna aliyeitoa.

Sentensi ya (2) ni ya namna nyingine. Ni swali kanushi, ambalo katika mazungumzo ya kawaida hudai kukubaliwa: *huoni kwamba mvua inakuja?* Lakini kitenzi kilichokanushwa ni *ona*, si *jenga*. Basi jibu lililo kamili, lisilo na upungufu wowote wa kimantiki, ni kwamba Serikali *inaona* umuhimu huo. Kuona hakuna gharama. Wanafunzi wangu wa mwaka wa kwanza wa uzamili hucheka ninapowaonyesha jozi hii, kisha hunyamaza wanapokumbuka ni mara ngapi wameisikia.

Katika (3) kinachochukuliwa kuwa kipo ni mpango. Serikali yoyote ina mpango, na kama haina, unaweza kuandikwa kati ya siku swali lilipopokelewa na siku linapojibiwa. Ni (4) pekee inayouliza mambo yaliyokwisha tokea, yenye idadi, yenye mtendaji, na yenye karatasi mahali fulani katika ofisi ya Msajili wa Hazina. Viulizi vyake ni *gani* na *nini*, na njeo yake ni *-li-* na *-me-*. Haiwezi kujibiwa kwa *-ta-*. Msomaji wa Hansadi atakubaliana nasi kwamba maswali ya aina hii ni machache mno yakilinganishwa na ya aina ya (1). Sababu yake si uvivu. Mbunge huuliza akiwa na jimbo lake masikioni, na jimbo linataka kusikia kwamba kiwanda chake kimetajwa na kwamba siku inakuja. Swali la bei na mkataba linafaa zaidi kulinda mali ya umma, lakini halina matumaini ndani yake.

4.0 Vitenzi vya Serikali tangu 1967

Kabla ya kuchambua jibu, hatuna budi kutazama nyuma kidogo, kwa sababu vitenzi ambavyo Serikali hujipa inapozungumzia viwanda vimebadilika pamoja na sera.

Baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967, kitenzi kilikuwa *jenga*, na mwenzake alikuwa *miliki*. Serikali, ama yenyewe ama kupitia Shirika la Maendeleo la Taifa, ilikuwa kiima cha vitenzi hivyo waziwazi. Shirika la Kuhudumia Viwanda Vidogo, yaani SIDO, liliundwa mwaka 1973, na kitenzi cha jina lake, *hudumia*, kiko katika kauli ya kutendea: yupo anayehudumiwa, naye anaweza kuulizwa kama amehudumiwa. Mkakati wa viwanda vya msingi wa mwaka 1975 hadi 1995 uliendeleza sarufi hiyo hiyo. Majibu ya wakati huo hayakuwa ya kweli zaidi kuliko ya leo, lakini yalikuwa rahisi kupimwa. Aliyesema *tutajenga* angeweza kuonyeshwa kiwanja kitupu.

Uchumi ulipodhoofika katika miaka ya 1980, watu walianza kusema kwamba viwanda *vimekufa*. Kitenzi *kufa* hakina mtendaji, na hapo ndipo *fufua* alipopata mlango. Mtu anayefufua hahitaji kusema nani aliua. Tume ya Rais iliyoundwa mwanzoni mwa miaka ya 1990 ilipewa jina la *Kurekebisha* Mashirika ya Umma, ingawa sehemu kubwa ya kazi yake ilikuwa kuyauza. Neno *kubinafsisha* lilitumika pia, nalo ni neno lililoundwa vizuri kisarufi, kutokana na *binafsi* na kiambishi cha usababishi. Lakini lilikuwa jipya, na kwa wasikilizaji wengi halikuwa na uzito wa *kuuza*. Sera Endelevu ya Maendeleo ya Viwanda ya mwaka 1996 hadi 2020 iliiweka sekta binafsi kuwa injini ya viwanda. Tangu hapo Serikali imejipa vitenzi *vutia*, *hamasisha* na *wezesha*. Hata Mpango wa Pili wa Maendeleo wa mwaka 2016/17 hadi 2020/21, uliorudisha neno *kujenga* kwa nguvu, ulilirudisha pamoja na yambwa nyingine: kilichojengwa kilikuwa *uchumi wa viwanda*. Uchumi hauna kiwanja ambacho mtu anaweza kukuta kitupu.

Jambo la kuzingatia ni kwamba *hamasisha* na *wezesha* ni vitenzi vya usababishi. Vina watendaji wawili: anayesababisha na anayetenda. Serikali ikihamasisha wawekezaji wajenge, kujenga ni kazi ya wawekezaji. Wasipojenga, Serikali ilikwisha kuhamasisha. Hatusemi kwamba sera hiyo ni mbaya. Wachumi watalisema hilo. Tunasema kwamba mabadiliko ya sera yalikuja na mabadiliko ya nafasi ya Serikali ndani ya sentensi, ilhali Wabunge waliendelea kuuliza kwa sarufi ya zamani, ya *jenga* na *fufua*. Swali limebaki mwaka 1975, na jibu limehamia 1996. Mwananchi aliye katikati husikia maneno ya pande zote mbili.

5.0 Jibu

(5) Mheshimiwa Spika, Serikali inaona umuhimu huo na itaendelea kuhamasisha wawekezaji wa ndani na wa nje kujenga viwanda vya mvinyo.
(6) Kiwanda kitafufuliwa mara fedha zitakapopatikana.
(7) Mchakato wa kumpata mwekezaji unaendelea na uko katika hatua nzuri.

Searle (1969), akifuata njia iliyofunguliwa na Austin (1962), anaeleza kwamba usemi hauwi ahadi isipokuwa masharti fulani yametimia. Mojawapo ni kwamba isiwe dhahiri kwa msemaji na msikilizaji kuwa tendo lingefanyika kwa vyovyote katika mwenendo wa kawaida wa mambo. Kwa sharti hilo, *itaendelea* ni kitenzi cha ajabu. Umbo lake lina *-ta-*, kiambishi ambacho msikilizaji wa Kiswahili hukisikia kuwa cha ahadi: *nitakuja*, *nitalipa*. Lakini *endelea* inasema kwamba tendo limekwisha anza na lingefanyika bila kusemwa. Sauti ni ya ahadi, na maana ni ya taarifa. Waziri anayesema *Serikali itahamasisha* amejifunga kidogo. Anayesema *itaendelea kuhamasisha* hajajifunga kabisa, na zaidi ya hayo amejisifu.

Sentensi ya (6) ina kiini chake katika *zitakapopatikana*. Neno hili moja lina mambo matatu. Kwanza ni *-po-*, kirejeshi cha wakati, kinachojibu *lini* ya mwulizaji kwa namna inayokubalika kisarufi. Pili ni kauli ya kutendeka iliyonyambuliwa kutoka *pata*, ambayo haina mahali pa kumweka mtendaji. Fedha zinapatikana zenyewe, kama uyoga baada ya mvua. Tatu ni kiima *fedha*, ambacho kimechukua nafasi ya yule anayezitenga. Na anayezitenga ni nani? Serikali ndiyo huomba, na Bunge ndilo huidhinisha, katika ukumbi uleule, kila Juni. Kwa hiyo, jibu hili linawaambia watu wanaoidhinisha fedha kwamba fedha zikijitokeza wataarifiwa. Si ajabu kwamba mara chache mtu husimama kuuliza ni nani hasa aliyeshindwa kuzipata.

Mkulima wa Hombolo naye hutumia kirejeshi hicho hicho. Husema *zabibu zitakapoiva*. Dodoma huvuna zabibu mara mbili kwa mwaka, na tunda hilo likishaiva halingoji. Ama linunuliwe, ama likaushwe, ama lioze shambani. Kiwanda cha mvinyo cha umma, DOWICO, kilipokuwa kimesimama katika enzi ya mageuzi ya mashirika, walioumia kwanza ni wakulima waliokuwa na mizabibu tayari na hawakuwa na pipa la kuipeleka. Baadaye vilikuja viwanda vya watu binafsi, kikiwamo cha CETAWICO hapo hapo Hombolo, na kituo cha utafiti cha Makutupora kiliendelea kushughulikia mbegu na kilimo cha zao hilo. Hata hivyo, tofauti ya *zitakapoiva* na *zitakapopatikana* inabaki. Umbo ni moja, lakini ya kwanza ina msimu unaojulikana na wote.

Katika (7) kiima ni *mchakato*. Neno hili limefanya kazi kubwa sana katika Kiswahili cha utawala kuliko pengine neno lolote lingine la kizazi hiki. Mchakato huanza, huendelea, hukamilika. Haufanywi na mtu. Ukiambatana na kirai cha mahali, kama *uko katika hatua nzuri* au *Serikali iko mbioni*, msikilizaji hupewa picha ya mwendo bila kupewa umbali. Kuwa mbioni ni kuwa mahali ambapo watu hukimbia. Hakusemi kwamba anayekimbia amekaribia kufika, wala kwamba anakimbilia alikoulizwa.

Kiwanda cha matairi cha General Tyre cha Arusha kinatupa kisa halisi. Kilianza uzalishaji mwaka 1971, na Serikali ilikuwa na hisa asilimia 74 dhidi ya asilimia 26 za kampuni ya Continental. Uzalishaji ulisimama mwishoni mwa muongo wa 2000, na tangu hapo swali la ni lini kitafufuliwa limerudi Bungeni mara kwa mara, chini ya Mawaziri waliopokezana. Tukumbuke hesabu ya hisa. Mwenye asilimia 74 hawezi kujieleza kwa kitenzi *hamasisha* kana kwamba anatazama mali ya jirani. Swali linalofaa kwa mwenye mali ni la aina ya (4): umeamua nini, lini, kwa kikao kipi, na deni ni kiasi gani? Kuendelea kuuliza *ni lini* mwaka baada ya mwaka kumempa kila Waziri mpya nafasi ya kuanza na mchakato mpya, kwa kuwa hakuna kauli ya mtangulizi wake ambayo ingeweza kusomwa kwake kama ahadi.

6.0 Lugha ya Juni

Hapa msomaji anaweza kuuliza kama kosa ni la Kiswahili chenyewe. Wapo wanaosema, tena katika kumbi za vyuo vikuu, kwamba Kiswahili ni lugha ya mafumbo na adabu, na kwamba usahihi wa kisheria na kiuchumi unataka Kiingereza. Hata Miswada ya sheria iliendelea kuandikwa kwa Kiingereza hadi Sheria Na. 1 ya mwaka 2021 ilipokifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria.

Ushahidi wa kulipinga dai hilo umo katika ukumbi uleule. Kila Juni Waziri wa Fedha husoma hotuba ya bajeti kwa Kiswahili, na sehemu ya kodi ya hotuba hiyo haina mchakato wala mazingira. Katika bajeti ya mwaka 2017/18, ushuru wa bidhaa kwa mvinyo unaotengenezwa kwa zabibu zilizozalishwa nchini kwa kiwango kinachozidi asilimia 75 uliwekwa kuwa shilingi 200 kwa lita. Katika bajeti ya mwaka 2018/19, ushuru wa forodha ulipandishwa hadi asilimia 25 kwa mafuta ghafi ya kula na asilimia 35 kwa yaliyosafishwa, kwa nia ya kuwakinga wakamuaji wa alizeti, wakati zaidi ya nusu ya mafuta ya kula yaliyohitajika nchini ilitoka nje. Vitenzi vya sehemu hiyo ni *toza*, *punguza*, *ongeza*, *samehe*, *futa*. Vyote vina mtendaji, vyote vina yambwa inayohesabika, na vyote vina siku ya kuanza, yaani tarehe 1 Julai. Huo nao ni msaada wa Serikali kwa viwanda. Pengine ndio msaada ulio mkubwa kuliko yote.

Basi Serikali moja, kwa lugha moja, ina sarufi mbili za msaada. Katika sarufi ya Juni tunakuta nomino kama *ruzuku*, *dhamana*, *mkopo*, *msamaha wa kodi*, ambazo mtu anaweza kuzitanguliza kwa *kiasi gani*. Katika sarufi ya saa ya maswali tunakuta *vivutio*, *jitihada*, *mazingira wezeshi*. Hili la mwisho linastahili neno zaidi. Kivumishi *wezeshi* kimenyambuliwa kutoka *wezesha* na hakichukui kiambishi cha upatanisho, na kwa kuwa kimeambatanishwa na *mazingira*, kinayafanya mazingira kuwa ndiyo yanayowezesha. Serikali haiwezeshi tena. Inaweka mazingira, na mazingira yanawezesha wawekezaji, na wawekezaji wanajenga. Kati ya Waziri na tofali kuna hatua tatu.

Waingereza waliomhoji Strachey hawakuwa na lugha iliyo bora kwa kazi hiyo. Walichokuwa nacho mwaka 1949 ni hesabu zilizokaguliwa na shirika lenye jina lililotakiwa kuziwasilisha. Hesabu zilipotoka, maswali yalipata meno.

7.0 Orodha ya maneno

Katika Bunge la India, Lok Sabha, iko Kamati ya Ahadi za Serikali tangu mwaka 1953. Kazi yake ni kupitia majibu ya Mawaziri, kuchomoa yaliyo ahadi, na kufuatilia kama yametimizwa katika muda wa miezi mitatu. Uganda nayo ina kamati yenye jina kama hilo. Kinachomhusu mwanaisimu katika mfano wa India ni kwamba kamati hiyo ina orodha rasmi ya semi zinazohesabiwa kuwa ahadi, zikiwamo za namna ya *suala linafikiriwa* na *nitalichunguza*. Waziri akitamka mojawapo, amejifunga, apende asipende. Kwa maneno mengine, Bunge limechukua uamuzi wa kipragmatiki na kuufanya kanuni: semi zilizozoeleka kuwa za kukwepa zimetangazwa kuwa za kuahidi.

Je, orodha kama hiyo ingeandikwaje kwa Kiswahili? Tafsiri ya orodha ya India haitatufaa, kwa kuwa orodha ile ni ya virai, na katika Kiswahili mzigo umo ndani ya kitenzi kimoja. *Italichunguza*, *itaendelea kulichunguza*, *linachunguzwa* na *litakapochunguzwa* zina mzizi mmoja na viwango vinne vya kujifunga. Orodha yetu ingelazimika kuwa ya maumbo: kiima ni nani, njeo ni ipi, kauli ni ya kutenda, kutendwa au kutendeka, kama kuna *endelea*, na kama kitenzi kikuu kina usababishi unaompa mtu mwingine kazi. Kwa maoni yetu, *-ta-* yenye Serikali kwa kiima na kitenzi cha kutenda ihesabiwe ahadi bila mjadala. Kauli ya kutendwa yenye *-ta-*, kama *kitafufuliwa*, ihesabiwe ahadi ya Wizara inayojibu, hata kama mtendaji hakutajwa. Semi za *mbioni* na *hatua za mwisho* zihesabiwe ahadi yenye muda, na muda huo uandikwe siku ileile kwa kumwuliza Waziri. Kuhusu *fedha zitakapopatikana* tumebishana na wenzetu idarani bila kuafikiana. Wengine wanaona isihesabiwe kabisa. Sisi tunaona ihesabiwe, na ikaguliwe mara moja kwa mwaka, wakati kitabu cha bajeti ya Wizara kinapofika mezani: fungu liko, au haliko.

*Itaendelea* iachwe nje ya orodha, lakini iandikwe kando. Mwanafunzi wa uzamili anayetafuta mada anaweza kuanzia hapo. Achukue kiwanda kimoja, tuseme General Tyre, akusanye kila jibu lililotolewa juu yake tangu uzalishaji ulipokoma, na ahesabu ni vitenzi vingapi vina Serikali kwa kiima, vingapi vina mchakato, na vingapi vina *endelea*. Hansadi zinapatikana, na nyingi za miaka ya karibuni zinaweza kutafutwa kwa neno. Matokeo yake yapelekwe kwa Wabunge kabla ya yeye kuyatetea mbele yetu.